Nani Aliyepima? Klasi Mama na Daftari la Kumbukumbu katika Modeli za Mazingira

Wanachuo wanaosoma TEHAMA katika chuo chetu wamekuwa wakiniuliza mara kwa mara swali moja, nalo ni swali la haki. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye huenda akapangiwa shule yenye kompyuta moja au isiyokuwa nayo kabisa, atapata faida gani kwa kujifunza jinsi maktaba ya programu inavyoundwa? Katika makala haya nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kueleza mambo mawili tu ya kazi hiyo, yaani klasi mama na daftari la kumbukumbu. Mfano nitakaoutumia ni wa maji ya mlima wetu, kwa kuwa ndio niliofundishia, na kwa kuwa ndio ulioniaibisha.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno. Modeli ya mazingira ni hesabu inayojaribu kuiga mwenendo wa kitu cha asili, kama vile mvua, udongo au mto, ili tuweze kuuliza maswali ambayo hatuwezi kuyajaribu kwa mikono. Huwezi kuuzuia msitu wa Kilimanjaro usipate mvua kwa mwezi mzima ili uone vihamba vitakuwaje. Lakini katika modeli waweza. Maktaba, kwa maana ya watunga programu, ni mkusanyo wa vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambavyo mtu mwingine anaweza kuviazima akavitumia katika kazi yake bila kuanza upya. Lugha tuliyoitumia ni Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Wanachuo hupenda kuchora chatu katika madaftari yao wanapolisikia jina hilo. Hakuna ubaya, ingawa lilitokana na kundi la wachekeshaji wa Uingereza na wala si nyoka.

Maji ya mlima

Mtu aliyekulia Moshi hahitaji kuambiwa kwamba mvua ya mjini si mvua ya Kibosho wala ya Marangu. Mjini, katika miaka mingi, mvua ya mwaka mzima haifikii milimita 1,000. Ukipanda katika msitu wa upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, inazidi milimita 2,000. Kati ya hapo uko ukanda wa vihamba, takriban kati ya mita 1,000 na 1,800, wenye migomba, kahawa na miti iliyoachwa makusudi kwa ajili ya kivuli. Tangu zamani wenyeji wameyateremsha maji ya mito hadi vihambani kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa kufuata mteremko wa mlima. Yasiyotumika hurudi mitoni. Weruweru na Kikafu huyapeleka Kikuletwa, nayo Kikuletwa huyafikisha katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani huanza safari ya kwenda baharini.

Basi modeli yetu ilikuwa na sehemu 5: mvua, msitu, udongo wa kihamba, mfongo na mto. Kila sehemu hupokea maji kutoka kwa sehemu iliyo juu yake, huhesabu, kisha huyatoa kwa iliyo chini. Nitaeleza udongo peke yake, kwa sababu ndiko tulikoanguka, na ili hesabu ifuatike kwa urahisi nitaacha kando kile kinachonaswa na majani ya msitu. Tuliuchukulia udongo wa kihamba kuwa kama ndoo yenye kimo cha milimita 100 za maji. Kila siku mvua huongeza; jua na mimea hupunguza milimita 4; kinachozidi 100 humwagika kuelekea mtoni. Akiba ikishuka chini ya milimita 40, modeli huandika kwamba siku hiyo kihamba kinahitaji maji ya mfongo. Tarakimu hizi tulizichagua sisi kwa ajili ya kufundishia. Mtaalamu wa udongo angezipima.

Mvua yenyewe tuliipata kutoka shule moja ya mazoezi, ambako wanafunzi wa Darasa la Tano walikuwa wakisoma kipimamvua kila siku saa 3 asubuhi na kuandika mvua ya saa 24 zilizopita. Kazi yao ilikuwa nzuri. Lakini mwezi Aprili shule ilifungwa kwa likizo fupi, na kwa siku 12 hakuna aliyekisoma. Siku ya 13 watoto walirudi, wakakuta kipimamvua kina milimita 96, wakaziandika mbele ya tarehe ya siku hiyo. Nafasi 12 za juu yake waliziacha wazi, kama walivyofundishwa. Programu yetu, ilipokutana na nafasi iliyo wazi, iliisoma kama 0.

Tazama kilichofuata. Udongo ulianza na akiba ya milimita 70. Ukipunguza 4 kwa siku 12, zimetoka 48, zimebaki 22. Kufikia siku ya 8 akiba ilikuwa 38, yaani chini ya 40. Kwa hiyo, tangu siku hiyo hadi ya 12, modeli ilitangaza siku 5 za uhitaji wa maji katikati ya masika. Siku ya 13 zikaingia 96, zikatoka 4, jumla ikawa 114. 14 zikamwagika mtoni na ndoo ikabaki imejaa. Sasa tufanye hesabu iliyo karibu zaidi na kweli. Milimita 96 zikigawanywa kwa siku 13 ni kama 7.4 kwa siku. Ukitoa 4, udongo unaongezewa 3.4 kila siku. Ndoo inajaa siku ya 9, na hadi siku ya 13 zitakuwa zimemwagika 14. Mwisho ni uleule: akiba 100, zilizomwagika 14. Ndiyo sababu hatukushtuka. Tulikuwa tumejiwekea kanuni ya kulinganisha, kila mwisho wa mwezi, jumla ya maji yaliyoingia na jumla ya yaliyotoka, na jumla hizo zilipatana bila kasoro. Uongo ulikuwa katikati ya mwezi, mahali ambapo kanuni yetu haikutazama.

Wanachuo wangu walitengeneza chati ya kupendeza, wakaipeleka katika kikao cha wazazi ambako wajumbe wa kamati ya mfongo walikuwapo. Mwanachuo mmoja akaeleza kwamba mwezi Aprili vihamba vilikosa maji kwa siku 5, na kwamba ingefaa zamu za mfongo zipangwe upya. Zamu za maji si jambo la kuchezea. Watu wamegombana kwa ajili yake. Mzee mmoja wa kamati alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, siku hizo watoto walikuwa nyumbani. Nani aliyepima?"

Hatukuwa na jibu. Nami nilipoifungua programu usiku ule ili nilitafute, sikulipata, kwa sababu programu haikuwa imeandika popote kile ilichokisoma wala kile ilichokidhania. Ilinichukua jioni 4 kugundua tatizo, tena nilipolipata nikakuta si moja. Sehemu 5 ziliandikwa na vikundi 5 vya wanachuo, na kila kikundi kilikuwa na desturi yake ya kushughulikia nafasi iliyo wazi. Waliosoma jedwali la mvua waliigeuza kuwa sifuri. Wengine walikuwa tayari kurudia tarakimu ya jana. Wengine waliiruka siku nzima kana kwamba haikuwamo katika kalenda. Hakuna kikundi kilichokuwa na kosa la kipekee. Mwenye kosa alikuwa mkufunzi, ambaye hakuwapa fomu moja ya kufuata.

Klasi mama

Kila mwanachuo anajua andalio la somo. Mwalimu wa Hisabati na mwalimu wa Kiswahili hufundisha mambo yasiyofanana hata kidogo, lakini maandalio yao yana nafasi zilezile: tarehe, darasa, idadi ya wanafunzi, lengo, zana, hatua za somo, tathmini. Fomu haikwambii ufundishe nini. Inakwambia ni mambo gani usiyoruhusiwa kuyaacha. Na andalio lisilo na lengo, mkufunzi hulirudisha bila kulisahihisha.

Hiyo ndiyo klasi mama. Klasi, katika utungaji wa programu, ni kigezo ambacho kompyuta hukitumia kuumba vitu vya aina moja. Klasi mtoto hurithi yote yaliyo katika klasi mama, kisha huongeza yake. Wazo hili lilitoka Norway, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliotunga lugha iitwayo Simula 67, nao walilihitaji kwa kazi kama hii yetu, yaani kuiga mwenendo wa mambo ya ulimwengu. Baadhi ya wenzangu huita klasi "darasa". Mimi nimeacha, kwani mwanafunzi akisikia "darasa mama" huona chumba chenye madawati, na dakika 10 za kipindi hupotea kwa kucheka.

Klasi mama tuliyoiandika upya baada ya kikao kile, nikiipunguza ili ienee katika ukurasa huu, ni hii:

import logging
from abc import ABC, abstractmethod

daftari = logging.getLogger(__name__)

class Sehemu(ABC):
    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina

    def siku_moja(self, tarehe, ingizo):
        if ingizo is None:
            daftari.warning("%s %s: haikupimwa", tarehe, self.jina)
            return None
        tokeo = self.hesabu(ingizo)
        daftari.debug("%s %s: %s -> %s", tarehe, self.jina, ingizo, tokeo)
        return tokeo

    @abstractmethod
    def hesabu(self, ingizo):
        ...

Na udongo wa kihamba, ambao ni klasi mtoto, unakuwa mfupi sana:

class Udongo(Sehemu):
    def __init__(self, jina, akiba):
        super().__init__(jina)
        self.akiba = akiba

    def hesabu(self, ingizo):
        jumla = self.akiba + ingizo - 4
        self.akiba = max(0, min(100, jumla))
        return max(0, jumla - 100)

Maneno kama class, def na return ni ya lugha yenyewe na hayabadiliki. Majina mengine yote ni yetu, na sioni sababu ya kuyaandika kwa lugha isiyokuwa ya wanafunzi. Python ina neno maalumu, None, la kuonyesha kwamba hapana kitu. None si 0. Sifuri ni kipimo: mtoto alikwenda kwenye kipimamvua, akatazama, akakuta pakavu. None maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda. Mwalimu yeyote anaijua tofauti hii katika rejesta ya mahudhurio: alama ya kutohudhuria ni jambo moja, na siku ambayo rejesta haikuitwa ni jambo jingine kabisa, na ole wake mwalimu atakayeandika darasa zima kuwa watoro kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hospitalini.

Angalia sasa jinsi kazi ilivyogawanywa. Kitendo kiitwacho siku_moja kimeandikwa mara moja tu, katika klasi mama, na ndicho kinachokagua ingizo na kuandika kumbukumbu. Kitendo kiitwacho hesabu hakina mwili katika klasi mama. Ni nafasi iliyo wazi katika fomu, ambayo kila mtoto lazima aijaze kwa namna yake. Kikundi kikisahau kuijaza, Python hukataa kukiumba kitu hicho, hapo hapo mwanzoni, kabla hesabu yoyote haijaanza. Huko ndiko kulirudisha andalio lisilo na lengo. Na kwa kuwa ukaguzi wa nafasi wazi umo kwa mama, hakuna kikundi kinachoweza tena kuwa na desturi yake ya siri.

Hata hivyo fomu inaweza kuzidi. Katika jaribio letu la kwanza tuliweka "mvua" ndani ya klasi mama, tukidhani kila sehemu ya mlima hunyeshewa. Kumbe mfongo wetu haupokei mvua moja kwa moja. Hupokea maji ya mto. Kikundi cha mfongo, kwa kulazimishwa kujaza nafasi isiyowahusu, kiliandika 0 kila siku, na tukawa tumerudi kulekule kwenye sifuri isiyopimwa na mtu. Ndiyo maana hapo juu mtaona neno "ingizo" badala ya "mvua". Kanuni ninayowapa wanachuo ni kwamba kisiwekwe kwa mama kitu ambacho hata mtoto mmoja atalazimika kukijaza kwa uongo. Ni afadhali klasi mama iliyo nyembamba, iongezwe baadaye, kuliko nene inayofundisha watoto kudanganya.

Jambo moja ambalo halimo katika mfano huu mfupi, lakini linapaswa kuwamo katika maktaba ya kweli, ni vipimo. Rekodi nyingi za mvua za zamani katika nchi yetu ziliandikwa kwa inchi. Mtu akinakili 3.2 kutoka katika kitabu cha aina hiyo na programu ikaidhani ni milimita, mvua kubwa ya milimita 81 imegeuka manyunyu. Katika Landlab, ambayo ni maktaba ya Python ya kuiga sura ya nchi, maji na mmomonyoko wa udongo, kila sehemu huzaliwa na klasi mama iitwayo Component, na huwajibika kutaja jina la kila ingizo na tokeo lake pamoja na kipimo chake. Watunzi wake hawakuweka sharti hilo kwa kupenda urasimu.

Daftari la kumbukumbu

Wanachuo wengi, wakitaka kujua programu inafanya nini, hutumia amri ya print, inayoandika maneno kwenye kioo cha kompyuta. Inafaa kwa mazoezi ya wiki ya kwanza. Lakini print ni kama kupaaza sauti darasani: haina tarehe, haina daraja, na ukitaka kuinyamazisha inakubidi uzunguke programu nzima ukifuta mstari mmoja mmoja. Tangu toleo la 2.3, la mwaka 2003, Python imekuwa na maktaba yake ya kuandika kumbukumbu, iitwayo logging, na hiyo ndiyo tunayoipa jina la daftari.

Daftari lina madaraja 5, nayo yanafanana sana na yale ambayo mwalimu wa zamu huyatumia bila kuyaita majina. Debug ni mambo madogomadogo ya kila dakika, ambayo huyasomi mpaka utafute kosa. Info ni mambo ya kawaida: kengele imepigwa, uji umenywewa. Warning ni onyo: kazi imeendelea, lakini kuna jambo ambalo mtu anapaswa kulitazama. Error ni kwamba kazi fulani imeshindikana. Critical ni kwamba shule imefungwa. Nafasi ya mvua iliyo wazi niliipa daraja la warning, kwani modeli inaweza kuendelea, ila msomaji asiambiwe kwamba yote ni shwari.

Mtego mmoja huwanasa karibu wanachuo wote. Usipopanga lolote, Python huonyesha kumbukumbu za kuanzia warning kwenda juu tu. Mwanachuo huandika mstari wa info, haoni kitu, hudhani amekosea, hurudi kwenye print. Hajakosea. Programu inayoitumia maktaba ndiyo inayotakiwa kusema ni daraja gani lionyeshwe na daftari liwekwe wapi, kwenye kioo au katika faili. Maktaba yenyewe haipaswi kujiamulia jambo hilo, kwa sababu haijui itaazimwa na nani. Mwalimu wa zamu huandika. Mahali pa kulihifadhi daftari huamuliwa na mwalimu mkuu. Ndiyo sababu katika klasi mama yetu upo mstari mmoja tu wa kulifungua daftari kwa jina la maktaba, wala hakuna mstari unaolielekeza kokote.

Kiasi nacho kina madhara yake. Sehemu 5, kwa siku 365, kwa miaka 10, ni mistari 18,250. Ukiiweka yote katika daraja la info, onyo moja lenye maana litazama humo. Tuliziteremsha hesabu za kila siku kuwa debug, na kwa info tukaacha muhtasari wa mwezi. Hata hivyo siku zile 12 zilitoa maonyo 60, kwa sababu kila sehemu iliyopokea None kutoka kwa ya juu yake ilipiga kelele upya. Sasa sehemu ya mvua peke yake ndiyo inayoonya. Zilizo chini huandika kwa debug.

Napenda pia nikiri kwamba kurudisha None hakukumaliza tatizo. Katika siku zile 12, akiba ya udongo ilibaki 70 bila kusogea, kana kwamba jua halikuwaka wala mgomba haukunywa. Hilo nalo ni uongo, ila ni uongo ulioandikwa daftarini. Hatimaye tuliongeza hatua moja kabla ya modeli, inayoitambua jumla ya siku nyingi na kuigawa sawa, nayo huacha mstari huu: "siku 13, milimita 96 zimegawanywa, hazikupimwa kila siku". Sijui kama mvua ya masika imewahi kunyesha sawasawa kwa siku 13. Lakini atakayekuja baada yangu hatahitaji jioni 4 ili ajue kwamba nilidhani hivyo.

Tunajua leo kwamba barafu ya kilele cha mlima huu ilipungua kutoka kilomita za mraba 11.4 hivi mwaka 1912 hadi 1.76 mwaka 2011, kwa sababu mwaka 1912 kulifanyika upimaji uliozaa ramani, na ramani ikahifadhiwa. Waliopima hawakujua tungeulizia nini.

Darasani

Haya yote yanaweza kufundishwa kwa Darasa la Tano au la Sita katika kipindi cha dakika 40, bila kompyuta. Zana ni maharagwe, vikombe 5, karatasi na uwanja wenye mteremko, ambao katika wilaya zetu haupatikani kwa shida. Punje moja ihesabiwe kuwa milimita 2 za maji. Wapange watoto 5 kutoka juu kwenda chini: Mvua, Msitu, Udongo, Mfongo, Mto. Kila mmoja apewe kadi yenye nafasi zilezile: jina langu, nimepokea, nimetoa, kipimo. Kadi tupu ndiyo klasi mama. Mwambie kila mtoto kanuni yake ya kuhesabu kwa siri, naye ndiye klasi mtoto. Udongo aanze na punje 35 kikombeni, apunguze 2 kila siku, na asizidishe 50.

Mpe Mvua bahasha zenye kadi za siku: milimita 6, kisha 0, kisha kadi isiyoandikwa kitu, kisha 10. Usiseme lolote juu ya kadi ile tupu. Nimeliendesha zoezi hili mara nyingi, na karibu kila mara mtoto aliye Mvua husita kidogo, humtazama mwalimu, halafu huandika 0 na kuendelea. Mwache. Mwishoni waulize walio chini yake: siku ya 3 mlimani kulikuwa na mvua au hapakuwa? Watajibu kwa pamoja kwamba hapakuwa. Hapo ndipo uifungue bahasha na kuionyesha kadi tupu.

Rudieni mchezo, safari hii pakiwa na karani mwenye daftari, ambaye kila mtoto lazima amwambie alichopokea na alichotoa kabla ya kupitisha punje. Ficha kosa jingine mahali fulani, kwa mfano mnong'oneze Msitu atoe punje moja zaidi, kisha kipe kikundi kingine daftari walitafute kosa hilo wakiwa wamekaa, bila kuuliza mtu. Kwa kawaida hulipata upesi, na kelele zao husikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Makosa ninayoyaona sana kwa walimu wa mazoezi ni mawili. La kwanza ni kuanza kwa fasili ya klasi ubaoni, ambayo watoto huinakili kwa mwandiko mzuri bila kuielewa. La pili ni kumkemea mtoto aliyeandika 0. Msimkemee, mkufunzi wenu alifanya hivyo hivyo kwa siku 12, tena kwa kutumia kompyuta.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa kamati ile ya mfongo tukiwa na modeli iliyosahihishwa na nakala ya daftari. Tulimsomea yule mzee mstari wa milimita 96 zilizogawanywa. Akasema kugawa sawa si sahihi, kwani anakumbuka siku 2 zilizofuatana ambazo mvua ilinyesha usiku kucha hadi mfongo ukavunja kingo, na siku 3 za mwanzo ambazo hapakuwa na tone. Tukamuuliza kama tunaweza kuyaandika maneno yake. Kwa kuwa hayakuwa kipimo, tuliyatengea alama yake katika daftari, "imekumbukwa", mbali na "imepimwa" na "imegawanywa". Akauliza kama jina lake nalo litaandikwa hapo. Tuliliandika.